Kushuka Ngomo na gari linalotetemeka

Wengi wenu mnaijua barabara ya Uvira kwa sababu ya ndagala. Mimi nami nilikuwa nikiijua hivyo, mpaka siku ile miguu yangu ilipohisi kitu chini ya sakafu ya gari.

Ni miaka michache iliyopita, wakati wa likizo kubwa. Tulikuwa tumefungua sanduku ya AVEC na kugawana, na wamama wanane tukakubaliana: kila mmoja atoe sehemu ya pesa zake, tushuke Uvira kununua ndagala kavu na mchele wa bonde la Ruzizi, tuje kuuza Kadutu. Tulikodi Hiace moja ya zamani, ya vitesi za mkono, volani iko kuume. Mwenye gari alisema ni nzima kabisa. Wenye magari husema hivyo siku zote.

Tulitoka Panzi alfajiri. Hadi Nyangezi hakukuwa na la ajabu: mashimo, vumbi, migomba, watoto na madumu yao ya maji. Barabara mbaya huficha ugonjwa wa gari. Kwenye mashimo kila kitu kinatikisika, na huwezi kutenganisha kinachotoka chini na kinachotoka kwenye chuma. Lakini kila tulipopata hatua chache za njia laini, mimi niliyekaa nyuma nilisikia miguuni kitu kama cherehani ya fundi wa nguo, haraka haraka, bila kupumzika. Nikasema, "Papa, gari linatetemeka." Shofere akajibu bila kugeuka, "Mwalimu, ni barabara."

Kisha Ngomo. Asiyewahi kuipita, mtu amwelezee vipi? Kona baada ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu, na chini kabisa Ruzizi inang'aa kama uzi. Bukavu iko kwenye mita kama 1,500. Ziwa Tanganyika liko chini ya mita 800, na sehemu kubwa ya mteremko huo unaishuka hapo. Kwetu Bukavu si vigumu kumpata mtu mwenye ndugu au jirani aliyeanguka Ngomo. Ndiyo maana wenye uwezo na karatasi wengi huona afadhali wazungukie Rwanda, waingie tena Kamanyola.

Shofere wetu, nimpe haki yake, alishuka vizuri. Alitia vitesi ya pili, akaacha motere ishike gari, akamwambia konvayeri anyamaze. Lakini kila alipoachia gesi na kukanyaga tena, chini yetu kulilia "ko!". Niliihesabu kama ninavyohesabu watoto wakiingia darasani. Sikujua ilikuwa na maana gani. Kama ningejua, ningeomba kushuka na kwenda kwa miguu na kikapu changu.

Acha nieleze, maana wengi wetu hukaa juu ya kitu hiki bila kukijua. Katika Hiace ya namna ile motere iko mbele, lakini magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Kati yao kuna bomba refu la chuma linalozunguka chini ya miguu ya abiria: kardani. Kwenye miisho yake kuna kruaziyo, chuma kidogo chenye umbo la msalaba, ambacho kinaiwezesha kardani kujikunja gari linapopanda na kushuka kwenye mashimo. Kila ncha ya msalaba imevaa kikofia chenye sindano ndogo ndogo za chuma ndani ya grese. Grese ikikauka na vumbi likiingia, sindano zinasagika, msalaba unalegea, na hapo "ko" inaanza. Ikikatika, bomba linaanguka. Na likianguka upande wa mbele linaweza kuchoma barabara gari likiwa mwendoni. Kwenye Ngomo kuna ubaya zaidi: kardani ikikatika, motere haijashikana tena na magurudumu, na ile vitesi ya pili haizuii chochote. Zinabaki freni peke yake, na freni zikipata moto sana hazishiki.

Kamanyola tulikunywa chai. Fundi mmoja wa kando ya barabara alizunguka gari, akasema ambreyaji imekwisha, na bwati ya vitesi ifunguliwe. Bei aliyotaja ingekula nusu ya ndagala zetu. Shofere yeye sasa alikuwa amehama kutoka barabara hadi mpira wa nyuma. Mama Prezidanti wetu akanigeukia: "Mwalimu, si unafundisha fizikia? Fizikia inasema nini?" Wakacheka wote. Nami nikacheka, halafu nikaona swali ni zuri.

Mtoto akiumwa, muuguzi haridhiki na "mtoto analia." Anauliza: analia saa ngapi, akila au akikojoa, amelala au amesimama? Nikamwomba shofere tufanye vilevile. Baada ya Kamanyola njia inanyooka kwenye tambarare kuelekea Luvungi. Asubuhi ile haikuwa na magari mengi, akakubali.

Tulianza na 60 kwa saa katika vitesi ya nne: cherehani ipo. Tukashuka hadi 40: imepotea. Tukarudi 60, lakini katika vitesi ya tatu. Motere ikapiga kelele zaidi, ila cherehani ilikuwa ileile. Kama kosa lingekuwa la motere, mtetemo ungebadilika pamoja nayo. Kisha akakanyaga ambreyaji, akatoa vitesi, gari likateleza pwamoro kwenye tambarare. Bado ipo! Kwa hiyo haikuwa motere, na ambreyaji ya yule fundi haikuwa na hatia. Mwisho tukasimama, akakanyaga gesi tukiwa hapohapo: kimya, gari limetulia. Kilichougua kilikuwa kinazunguka pamoja na mwendo wa gari.

(Tafadhali, pwamoro ni ya jaribio kwenye tambarare tu, na njia ikiwa tupu. Shofere anayeshuka mlima kwa pwamoro ili kubana mafuta, mshukieni kabla hajawashusha yeye.)

Ilibaki mpira au kardani. Volani ilikuwa tulivu mikononi mwa shofere; tuliotikiswa ni sisi wa nyuma. Basi magurudumu ya mbele tuliyaweka kando. Kwa ya nyuma nikapiga hesabu kwenye mgongo wa kitabu cha madeni. Gurudumu moja lina duara ya karibu mita 2. Gari likienda 60 kwa saa, linapita karibu mita 17 kila sekunde, maana yake gurudumu linazunguka mara 8 hivi. Mtetemo wa mara 8 unakaribia kuhesabika, kama wamama wengi wakitwanga kinu kimoja. Kardani inazunguka karibu mara 4 zaidi ya magurudumu, zaidi ya mara 30 kwa sekunde. Hiyo huwezi kuihesabu, unaisikia kama nyuki. Yetu ilikuwa nyuki. Ingeweza pia kuwa rulema ya nyuma ya bwati, sikatai, lakini ile "ko" ya Ngomo ilinivuta upande wa kardani.

Shofere akaacha kubishana. Tulikwenda 40 mpaka mwisho wa safari. Sange tulipita bila mazungumzo. Ni pale ambapo tarehe 2 mwezi wa saba 2010 lori la mafuta lilipinduka na kuwaka, wakafa watu zaidi ya 200.

Uvira, kwenye njia ya kwenda Kalundu, tulimpata fundi mzee. Hakuuliza bei ya gari wala nani mwenyewe. Aliniuliza inatetemeka lini, na nilipomweleza alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyefanya mazoezi yake nyumbani. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akaingia chini, akashika kardani kwa mikono miwili na kuikamua kama nguo. Tk, tk. Kuzunguka kikofia kimoja kulikuwa na unga mwekundu wa kutu, mfano wa pilipili ya kusaga.

Kabla ya kufungua boluti hata moja, alichora alama kwa msumari pande zote mbili za kiungo. Halafu akaniita niinamie. Kardani ile imefanywa kwa vipande viwili vinavyoingiliana, na uma za miisho yake zinapaswa kutazama upande mmoja. Zetu zilikuwa zimepishana. Mtu fulani aliwahi kuitoa, hakuweka alama, akairudisha vibaya; tangu siku hiyo ikawa inatetemeka na kuzila kruaziyo zake yenyewe. Tulipompigia simu mwenye gari alikubali kwamba miezi kadhaa nyuma bwati ilitolewa. "Lakini walitengeneza," akasema.

Kruaziyo mbili, grese na kazi havikufikia bei ya gunia moja la ndagala. Mwenye gari alisema hatalipa, gari liliondoka kwake zima. Mama Prezidanti hakujibu. Alimwomba fundi zile kruaziyo za zamani, akazifunga kwenye mfuko na kuzitia kwenye mkoba wake.

Kesho yake tulipanda Ngomo na mizigo. Kwenye kila kipande laini nilivua viatu na kuweka miguu kwenye sakafu. Joto tu, na harufu ya ndagala. Shofere alichungulia kwenye kioo: "Mwalimu, inasema nini?" Nikamwambia imelala.

Bukavu, Mama Prezidanti alimwaga zile chuma juu ya meza ya mwenye gari, mbele ya mke wake. Alizigeuza mkononi muda mrefu, akazisikia zinavyocheza, akatoa nusu ya pesa. Nusu ya pili bado tunamdai.