Theluji ya Schiehallion

Nilipowasili Scotland mwanzoni mwa miaka ya 1980, kijana wa Pangani niliyekwenda kutafuta elimu katika mji wa Edinburgh, theluji nilikuwa naijua kwa masikio tu. Maana chuoni tulifundishwa dua ya kufungulia sala, ambayo ndani yake mja humwomba Mola wake amtakase na makosa kwa maji na theluji na mvua ya mawe, na sisi watoto, tulioihifadhi dua hiyo chini ya mwembe huku jasho likitutiririka migongoni, hatukuthubutu kumwuliza mwalimu vitu hivyo vilikuwa na umbo gani wala vilipatikana nchi gani. Naandika haya si kwa ajili ya kuistaajabia baridi, jambo ambalo limekwisha kuandikwa na kila mtu wa pwani aliyepata kuvuka bahari, bali kwa ajili ya mlima mmoja ambao nimeupanda katika kipupwe tangu ujana wangu hata sasa nina mvi, na ambao mbele ya macho yangu umegeuzwa mara mbili: nusu yake ya chini imegeuzwa na watu, na nusu yake ya juu imegeuzwa na mbingu.

Mlima huo ni Schiehallion, uliomo katika jimbo la Perthshire, karibu na kitovu cha nchi ya Scotland, wenye kimo cha mita 1,083. Waskoti huuhesabu katika milima yao 282 ipitayo futi 3,000, ambayo huitwa Munro kwa jina la Sir Hugh Munro, aliyeitungia orodha mwaka 1891. Msomaji aliyezoea kutajiwa Kilimanjaro pengine atakicheka kimo hicho, lakini asifanye haraka. Kwa kuwa katika nchi iliyo mbali na ikweta kiasi kile, mita 1,000 zatosha kumtoa mtu katika manyunyu ya bondeni na kumwingiza katika tufani ya barafu, na mchana wa Desemba ni mfupi hata jua huchomoza karibu na saa tatu ya asubuhi na huwa limekwisha kuzama kabla ya saa kumi ya alasiri, na mwenye kusali akiwa mlimani hukuta adhuhuri, alasiri na magharibi zimesongamana ndani ya muda usiotimia saa nne.

Aliyenipeleka huko mara ya kwanza ni mwenye nyumba wangu, mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu wa maneno machache aliyekuwa na desturi ya kutangulia bila ya kugeuka nyuma. Usiku wa kuamkia safari aliitandaza ramani juu ya meza ya chakula, akapima masafa kwa uzi, kisha akaifanya hesabu iliyowekwa na William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila maili 3 za kwenda, yaani kama kilomita 5, na saa moja nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani kama mita 600. Jawabu lilikuwa saa mbili na robo hata kileleni. Akaniambia ya kuwa hiyo ni hesabu ya siku njema na miguu mizima, na kwamba katika kipupwe yeye huiongezea nusu yake. Kisha akachukua kipande cha karatasi, akaandika njia tutakayoishika, saa tutakayorejea, na saa ambayo ikipita bila ya sisi kuonekana mkewe awapigie simu polisi, ambao ndio wawaitao watu wa kujitolea wanaookoa waliopotea milimani. Na karatasi ile ikawekwa chini ya birika la chai. Hayo pamoja na dira, firimbi na utabiri wa hali ya hewa uliosomwa redioni ndiyo yote tuliyokuwa nayo ya kutuhifadhi, ukiacha rehema ya Mungu.

Tulianza kupanda kutoka Braes of Foss, upande wa mashariki, kungali na giza. Njia ya siku zile ilikuwa handaki. Mvua na nyayo za watu zilikuwa zimeuchimba udongo mweusi wa mlima, ambao umejaa maji mwaka mzima, na kila aliyekuja akilikwepa tope la aliyemtangulia alikanyaga pembeni, na pembeni napo pakawa tope, hata ukiutazama mlima kutoka mbali uliona kovu jeusi limeupasua toka chini mpaka begani. Asubuhi ile tope lilikuwa limeganda, na theluji ilitupokea pale pale tuliposhukia garini, ikazidi kina kadiri tulivyopanda. Na tulipoushika mgongo wa mlima, ambako hakuna tena udongo wala nyasi, bali majabali ya kwatzi yaliyorundikana ovyo mpaka kileleni, majabali yenyewe sikuyaona. Upepo ulikuwa umeisukuma theluji katika kila mwanya, na baridi ya usiku baada ya usiku ilikuwa imeishindilia ikawa ngumu, nasi tulipokwisha kufunga miiba ya chuma chini ya viatu tulikwenda juu yake kama watu watembeao barazani. Mzee akaniambia, bila ya kugeuka, "Kiangazi ndicho kivunjacho miguu hapa, kijana. Kipupwe hututandikia." Nilidhani anafanya mzaha, mpaka nilipopanda tena mwezi wa Julai, nikaruka toka jiwe hata jiwe kwa muda mrefu, na magoti yangu yakawa shahidi wa maneno yake.

Kileleni hapana uwanda. Ni ukingo mwembamba wa mawe, na kwa upande wa magharibi jicho huanguka juu ya nyika ya Rannoch, na kwa kusini juu ya Ben Lawers, ambao ni mrefu zaidi. Hapo, tukiwa tumejibanza nyuma ya jabali kuukimbia upepo, mzee alinisimulia habari ambayo ndiyo iliyoufanya mlima huu ujulikane na wanazuoni kabla ya kujulikana na watembeao kwa starehe. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne, mwanafalaki wa Mfalme wa Uingereza, alikuja hapa kwa niaba ya Royal Society kuipima dunia uzito wake. Rai yake ilikuwa hii: Newton alikwisha kuthibitisha ya kuwa kila kitu chavuta kila kitu, basi mlima mkubwa uliosimama peke yake hauna budi kuivuta timazi, uzi ule wenye risasi ambao waashi wetu huutundika kuhakikisha ukuta haukupinda, na kuiondoa katika wima wake kwa kiasi kidogo mno, na mtu akikipima kiasi hicho kwa kuzilinganisha nyota, akisimama kwanza ubavu wa kusini wa mlima na kisha ubavu wa kaskazini, atapata kujua dunia nzima imeuzidi mlima mara ngapi. Schiehallion ulichaguliwa kwa kuwa umejitenga na milima mingine na umbo lake halina matata. Maskelyne alikaa ndani ya kibanda mlimani miezi kadhaa, akiyangojea mawingu ya Perthshire yamwonyeshe nyota, na nani asiyejua ya kuwa mawingu ya Perthshire hayana haraka? Hesabu aliachiwa Charles Hutton, naye mwaka 1778 akatoa jawabu ya kuwa dunia ni nzito mara nne na nusu kuliko maji ya ujazo huo huo. Wapimaji wa leo, kwa vyombo ambavyo Maskelyne hakuviota, husema ni mara tano na nusu.

Husimuliwa pia kwamba katika karamu ya kuagana kibanda kiliwaka moto, ikateketea humo fidla ya kijana wa huko aliyekuwa akiwatumbuiza, na Maskelyne alipofika London akampelekea nyingine. Lakini mzee wangu alilolipenda zaidi ni jambo ambalo Hutton alilifanya ili kujipunguzia taabu: alipoona vipimo vya kimo vimetapakaa kwenye karatasi pasipo maana, aliziunganisha kwa mstari sehemu zote zenye kimo kimoja, na umbo la mlima likajitokeza. Mistari hiyo, ambayo siku hizi haikosekani katika ramani yoyote ya milima, alinifundisha kuisoma pale pale, kidole chake ndani ya glavu kikifuata karatasi iliyopepesuka: ikibanana pana mteremko mkali, ikiachana pana nafuu, na ukungu ukishuka, hiyo na dira ndiyo macho yako. Mimi nami nikamlipa hadithi kwa hadithi, nikamweleza habari za Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, ambaye mwaka 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake, na mabingwa wa jiografia wa London, waliokuwa tayari kumwamini Maskelyne na uzi wake, wakakataa kumwamini yeye. Mzee alicheka mpaka chai ikamwagika.

Baada ya masomo nilirejea nyumbani, kisha riziki ikanivuta tena Scotland, nikaweka maskani. Mwaka 1999 sehemu ya mashariki ya mlima ilinunuliwa na John Muir Trust, jumuiya ya kuhifadhi ardhi ya pori, nao wakaazimia kuliponya lile kovu. Wakachora njia mpya juu ya ardhi iliyo kavu zaidi, wakaitandika changarawe na mawe, wakaikatia mifereji ya kutoa maji, na ile ya zamani wakaiacha irudiwe na majani. Kazi ilikamilika mwaka 2003, mwaka ule ule ambao Bunge la Scotland lilipitisha sheria ya kumpa kila mtu haki ya kutembea katika ardhi ya nchi, iwe ya nani iwayo, madhali ana adabu nayo. Wapo wakongwe wanaonung'unika ya kuwa njia imekuwa laini mno. Mimi naisifu, kwa sababu niliijua ile ya tope, na kwa sababu mlima si mali ya wenye viatu vya bei kubwa. Ila njia ile ina tabia moja: humchukua mtu kwa upole mpaka mwanzo wa majabali, kisha humwachia.

Na huko kwenye majabali ndiko mbingu zilikofanya kazi yake. Sisemi kwamba theluji imetoweka. Msimu wa 2009 hata 2010 ulikuwa wa baridi kuu, na Desemba ya 2010 ilizifunga barabara na kuvigandisha vijito, na tulioupanda mlima katika siku zile tuliiona tena ile baraza ya zamani. Lakini misimu ya namna hiyo imekuwa ya kukumbukwa, ilhali zamani ilikuwa ya kawaida tu. Huko Braeriach, katika safu ya Cairngorms, pana bonde lenye kivuli ambamo fungu moja la theluji lilikuwa likipita kiangazi chote bila ya kuyeyuka, likangoja theluji mpya. Mwaka 1933 liliyeyuka lote, watu wakaona ni ajabu, likayeyuka tena 1959, kisha 1996, kisha 2003 na 2006, kisha 2017 na 2018 kwa kufuatana, na 2021 na 2022 kadhalika. Hapo hapahitaji timazi.

Katika Schiehallion mageuzi hayo hayaonekani kwa mtu aliyeko bondeni, kwa kuwa kilele bado hung'aa cheupe asubuhi za Januari. Huonekana kwa miguu. Siku hizi theluji huja kwa mkupuo mmoja, ikanyeshewa mvua baada ya siku mbili, ikaganda usiku, ikaja nyingine nyembamba juu yake. Nayo badala ya kuijaza mianya huifunika tu, kama vidole viwili au vitatu vya weupe juu ya shimo la kumeza mguu mpaka gotini, na juu ya jiwe huacha utando wa barafu usioonekana. Miiba ya chuma haina cha kuuma hapo ila kwatzi tupu, ukiivua, unateleza, ukiivaa, unapepesuka. Theluji kidogo imekuwa mbaya kuliko nyingi.

Januari iliyopita nilikwenda na binti yangu, aliyezaliwa huko huko na anayezungumza Kiswahili cha Pangani kwa lafudhi ya Edinburgh. Hatukuacha karatasi chini ya birika. Simu yake ilimpelekea mamake kila hatua yetu, na kabla ya kutoka garini alikwisha kunisomea joto la kilele, nguvu ya upepo, na saa ya kuinuka kwa mawingu, na yote yakawa kama alivyosoma. Tulipanda katika mvua nyepesi. Juu kidogo ya njia tulimwona sungura wa milimani, aliyebadili manyoya yake yote kuwa meupe kwa ajili ya kipupwe, ametulia tuli katikati ya nyasi za hudhurungi, kwa yakini yake kwamba hatumwoni. Tulipofika kwenye majabali tulikwenda kwa muda, mimi nikipima kila jiwe kwa fimbo, mpaka binti yangu akasimama.

"Baba, hapa mguu utavunjika."

"Bado masafa mafupi tu, mwanangu."

"Mafupi kwa ramani, Baba. Kwa mawe haya ni saa nzima, na giza lisitukute hapa."

Tukashuka. Karibu na mlango wa uwanja wa magari tulikutana na vijana wawili, mume na mke kwa dhana yangu, wamevaa viatu vya kukimbilia, wakatuuliza kama huko juu pana theluji nyingi. Binti yangu akawaambia ni kidogo tu, na nyuso zao zikafurahi. Nikawaeleza ya kuwa kidogo ndiyo taabu yenyewe, nikawaeleza habari za mashimo na utando wa barafu, nao wakanisikiliza kwa heshima ambayo watu huwapa wazee, wakashukuru, wakaendelea kupanda. Binti yangu alitaka twende zetu. Nikamwambia amimine chai kwanza. Chupa ilikuwa karibu kwisha tulipowaona wakirudi, mwanamke mbele, mwanamume nyuma akichechemea, suruali yake imeloa upande mmoja mpaka nyonga.

"Umeumia?" binti yangu alimwuliza.

Akasema hapana, ila angalimshukuru mtu yeyote mwenye chai.