Mzee Alitaka Kuiona Reli

Ikiwa umekulia Langas au mtaa mwingine wa Eldoret na bado hujafikisha miaka 30, huenda gari la moshi unalolijua vizuri ni lile la mizigo tu. Unalisikia usiku likipiga honi, unageuka upande wa pili kitandani, basi. Lakini wazazi wako watakuambia kwamba zamani watu walikata tikiti papa hapa Eldoret, wakalala njiani na kuamkia Nairobi. Reli ilifika mji huu mwaka 1924 ikitokea Nakuru. Ilikuwa imekwea hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ndipo ikateremkia Ainabkoi, Kipkabus na Plateau. Mwaka 1931 ilifika Kampala.

Nayasema haya kwa sababu ya baba yangu. Mzee aliajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki mwaka 1969, akatiwa katika gengi. Watu wa gengi ndio waliotembea juu ya reli kwa miguu kutwa kucha wakikaza skurubu, wakibadilisha mataruma yaliyooza na kukata majani. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mwajiri alibadilika jina, nyundo ikabaki ile ile.

Sasa macho yanamwacha. Ni ule ugonjwa wa presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha zima, na la kulia, daktari alisema, linaweza kulindwa kwa dawa lakini kilichopotea hakirudi. Mzee aliposikia hivyo hakulia wala hakuuliza dawa ni ya bei gani. Alisema anataka kwenda Mombasa kumwona rafiki yake waliyefanya kazi pamoja, na anataka kwenda kwa reli.

Dada yangu alipinga. "Baba, utachoka. Heri upande ndege."

"Nipande ndege nione nini? Mawingu?"

Mdogo wangu, ambaye anaishi Kanada, ndiye aliyetuma nauli. Yeye aliwahi kupanda treni iitwayo Canadian inayotoka Toronto hadi Vancouver, safari ya zaidi ya kilomita 4,400 na ya kulala njiani siku nne. Alimsimulia Mzee kwa simu jinsi alivyoshinda dirishani kutoka asubuhi hadi jioni bila kuona kilima, ni mashamba ya ngano tu, na jinsi treni ilivyowekwa kando mara kwa mara ili ya mizigo ipite. Huko reli nyingi ni mali ya kampuni ya mizigo, na magari yake ni marefu mno, hayaenei katika njia za kupishania. Mzee alicheka hadi akakohoa. "Mtu angoje mbao! Sisi mizigo ndiyo iliyongoja watu."

Basi tulisafiri kwa basi hadi Nairobi, tukalala kwa jamaa, na alfajiri tukachukua treni ndogo ya kutupeleka stesheni kuu ya Syokimau. Hapo usifikiri utaingia tu kama unaingia matatu. Mizigo inapangwa chini kwa mstari na mbwa wa polisi wananusa mmoja baada ya mwingine. Mzee alikuwa amebeba unga wa wimbi na alisimama akimtazama yule mbwa kwa jicho lake moja, kana kwamba ni inspekta amekuja kukagua kazi. Mbwa akapita. Saa mbili kamili, si dakika moja zaidi, gari likaondoka.

Nilikuwa nimemketisha dirishani, upande wa jicho zima. Kwa nusu saa hivi hakusema lolote. Kisha akasema, "Reli hii haisemi."

Nilidhani ni masikio sasa. Kumbe alikuwa anatafuta ile sauti ya tak-tak, tak-tak. Alinieleza kwamba reli za zamani ziliunganishwa kwa skurubu na kuachiwa nafasi ndogo, kwa kuwa chuma hutanuka juani, na gurudumu likipita juu ya nafasi hiyo hugonga. Kwa kuhesabu magongo hayo waliweza kujua mwendo wa gari, na gongo likilegea walijua kuna kazi kesho. Reli hii mpya, iliyozinduliwa mwaka 2017, imechomelewa ikawa kitu kimoja kirefu. Tena ni pana, futi 4 na inchi 8 na nusu, na ile ya zamani ni mita moja tu. "Nzuri," alisema. Lakini hakulisema kwa furaha nyingi. Na madirisha hayafunguki, mama wa kuuza mayai na ndizi hayupo. Mimi mwenyewe jambo hilo liliniuma, maana safari bila mahindi ya kuchoma ya dirishani ni safari gani?

Mkabala wetu aliketi mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akirudi kwao Voi. "Shikamoo, babu." "Marahaba, binti." Tangu Emali alikuwa akizungumza na Mzee kuliko mimi. Mzee alimtajia stesheni za njia ya kwetu kwa mfuatano, Rongai, Maji Mazuri, Timboroa, Ainabkoi, Kipkabus, mpaka Turbo na Webuye, naye binti akamtajia za huku. Baada ya Mtito Andei tuliingia Tsavo. Reli ya zamani inaonekana hapa na pale ikiandamana na mpya, imezongwa na nyasi. Binti alitusimulia habari za wale simba wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 hadi Patterson alipowaua. Ngozi zao ziliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho huko Chicago. "Ndio mwaka reli ilipofika kwetu," Mzee akasema, akapendezwa kana kwamba amepata nduguye.

Mara binti akapiga kelele. "Babu, tembo! Wekundu!"

Walikuwa kama kumi, wamejipaka ule udongo mwekundu wa Tsavo, wamesimama karibu na tuta la reli. Mzee aliinamisha paji la uso hadi likagusa kioo. Gari halikupunguza mwendo. Walipokwisha pita aliendelea kuinama vile vile.

"Umewaona, Baba?"

"Nimeona wekundu," alisema.

Binti alishuka Voi baada ya kumwachia Mzee pakiti ya njugu. Kuanzia Miasenyi Mzee alisinzia, akaamka Mariakani alipohisi joto limebadilika. Saa nane mchana tulikuwa Miritini. Rafiki yake alikuwa amesimama nje kwa mkongojo. Hakumtambua Mzee kwa sura, wala Mzee hakumtambua yeye. Walitambuana waliposalimiana, wakashikana mikono njiani katikati huku madereva wa teksi wakiwapigia honi.

Juma lililofuata nilipotaka kukata tikiti za kurudi, Mzee aliniambia nimwombe karani viti vya upande wa pili. Upande huu, alisema, ameshauona. Na tukivikosa, atamwomba mtu wabadilishane.