Sura Zilizobaki Ukutani

Boga ni mji mdogo kusini mwa Bunia, juu ya vilima vinavyotazama bonde la mto Semliki. Mwisho wa mwezi wa Mei 2021 watu wenye silaha waliushambulia mji huo pamoja na Tchabi, jirani yake, wakaua watu zaidi ya 50. Wengi walikimbia. Naye akimbiaye usiku humbeba mtoto. Picha ya babu huiacha ukutani. Ndivyo mtu awezavyo kumpoteza mpendwa wake mara mbili: kwanza mwenyewe, kisha sura yake.

Wazo hilo lilikuwa moyoni mwangu nilipofika Unguja. Katika Mji Mkongwe liko duka la picha lililoitwa Capital Art Studio. Ranchhod Oza, mtu wa asili ya Kihindi, alilifungua mwaka 1930, baada ya kujifunza kazi katika studio ya A. C. Gomes, mpiga picha wa asili ya Goa. Alimpiga picha Sultani, akawapiga na watu wa mjini. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964; wengi wakahama, yeye akabaki. Alifariki mwaka 1993, na kazi ikashikwa na mwanawe, Rohit.

Nikizitazama sura zile za kale, nilifahamu kwamba mpiga picha ni mtunzaji. Mteja huchukua karatasi yake akaenda zake, lakini filamu hubaki. Karatasi ikiungua, yaweza kuchapwa nyingine. Huko Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948. Aliwaazima wateja suti, saa na hata redio, ili kila mtu aonekane kwa heshima. Filamu zake alizitunza miaka mingi. Katika miaka ya 1990 zilichapwa upya, na ulimwengu ukazistaajabia.

Siku hizi picha zetu zimo ndani ya simu. Simu ikiibwa, ukoo mzima huenda nayo. Basi, wazazi na wanafunzi, chapisheni walau picha moja ya kila mzee wenu. Nyuma yake andikeni jina, kijiji na mwaka. Nakala ya pili mpelekeeni ndugu akaaye mbali. Siku ya kukimbia ikija, Mungu apishe mbali, sura hiyo itakuwa imekwisha kutangulia mahali pa salama.