Somo Wangu ni Nani?

Hapa kwetu Ukonga, mtoto anayejiandaa kupokea kipaimara huchagua mtakatifu mmoja awe somo wake, apate kuuiga mwenendo wake na kumwomba msaada. Mimi ndimi niyaandikaye majina hayo katika daftari. Aghalabu kazi hiyo haina taabu, maana wengi huchagua jina la babu, au jina lililo tamu masikioni, nami huandika tu.

Mwaka mmoja alinijia kijana wa darasa la saba asiye na jina. Mama yake huuza mihogo ya kukaanga Gongo la Mboto, naye humsaidia kila jioni. Akaniamkia, kisha akasema: “Mwalimu, nimekisoma kitabu cha watakatifu chote. Huyu alikuwa mfalme, huyu alikaa jangwani, huyu aliacha mali nyingi. Sisi mali ya kuacha hatuna. Nikimchagua mmoja wao nitakuwa nasema uongo mbele ya Askofu. Afadhali nisipakwe mafuta kabisa.”

Wasomaji wangu, maneno hayo hayakuwa utundu. Niliyapenda, walakini yalinitia hofu, kwa kuwa nimewaona vijana walioahirisha kipaimara kwa mwaka mmoja, wala hawakurudi tena.

Nikamwambia: “Mwanangu, usiende mbali. Ifuate njia hii ipitayo Ukonga, upite Gongo la Mboto, mpaka vilima vya Pugu. Huko Wabenediktini walianza misheni mwaka 1888. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ilishambuliwa, wakauawa Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerg na Sista Martha Wansing. Hao hawakuwa wafalme.”

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: “Mwalimu, bibi yangu mzaa mama ni Mzaramo, naye ni Mwislamu. Ndiye aliyenilea. Nikimsimulia habari hii, je, hataona kuwa nimechagua somo ili nimsute?”

Swali la namna hii halijibiwi kwa kufunika. Mwaka 1888 Kampuni ya Wajerumani ilianza kuitawala miji ya pwani, baada ya kupatana na Sultani wa Unguja. Watu wa pwani hawakuulizwa. Wakainuka kupigana, na mkuu wao aliyejulikana sana alikuwa Abushiri bin Salim wa Pangani. Wabenediktini wa Pugu walikuwa Wajerumani, tena wageni wa juzi; katika ghasia ile nani angemtenga mtu wa misheni na mtu wa kampuni? Lakini tazameni Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekaa na watu wa huko tangu mwaka 1868, nao walijulikana. Misheni yao iliachwa salama, na watu wengi waliokimbia vita wakapata hifadhi humo. Abushiri mwenyewe alinyongwa na Wajerumani huko Pangani, Desemba 1889. Kwa hiyo sikubali kuwafundisha watoto kwamba vita ile ilikuwa ya dini kupigana na dini.

Hayo yote nilimweleza, naye akasikiliza kwa makini. Lakini niliona bado hajapata somo wake. Ndipo nilipomkumbuka mtu ambaye, kwa maoni yangu, hatajwi inavyostahili. Tunapozungumza juu ya Mashahidi wa Uganda, watoto hukimbilia kwa Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na kwa Kizito, kwa sababu alikuwa mdogo kama wao. Ni haki yao. Lakini wa kwanza kufa miongoni mwa wale Wakatoliki alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana waliotumika katika nyumba ya Kabaka Mwanga. Alikuwa mtumishi: siku zake zilipita katika kutumwa na kuitika. Naye aliwakinga vijana wale na uovu wa bwana wake.

Oktoba 1885 Mwanga aliamuru auawe Askofu James Hannington, aliyekuwa akija Buganda kwa njia ya Busoga. Hannington hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mwanglikana, na siku hizo baina ya misheni hizo mbili hapakuwa na urafiki mwingi. Balikuddembe angaliweza kunyamaza. Hakunyamaza, alimkemea mfalme usoni kwa kumwaga damu ya mgeni asiye na hatia. Tarehe 15 Novemba 1885 alikatwa kichwa. Kabla ya kufa alimpelekea Mwanga ujumbe kwamba amemsamehe, ila atubu. Papa Paulo VI alipomtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo.

“Basi alikufa kwa kumtetea mtu asiye wa kanisa lake?” kijana akauliza.

“Hiyo ni mojawapo ya sababu, naam.”

Kesho yake alileta kipande cha karatasi kimeandikwa Yosefu. Mama yake alifurahi, akidhani ni yule seremala wa Nazareti, mpaka kijana alipowaketisha yeye na bibi akawasimulia. Juma lililofuata akanijia tena mbio. Bibi alikuwa amesikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: mfalme yule, je, alitubu?

Nikamwambia amjibu hivi: Waingereza walimkamata Mwanga mwaka 1899, wakampeleka uhamishoni Shelisheli. Huko alibatizwa na Waanglikana, akaitwa Danieli. Akafa mwaka 1903.