Sista, naweza kumpeleka kwa nguvu? (Sehemu ya 4)

Tangu ile post ya Jumapili meseji ni zilezile: kijana anavuta unga, ameuza hadi sufuria, hospitali hataki. Je, sheria inaniruhusu kumpeleka kwa nguvu?

Hapa Kenya ndiyo, ila si vile wengi mnavyofikiria. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022, na mtu aliyepimwa akapatikana na uraibu wa pombe au dawa za kulevya anahesabiwa humo. Mke, mume au jamaa anaweza kuomba alazwe hata akikataa. Lakini ombi lako peke yake halitoshi, lazima mtaalamu amwone kwanza. Ile ya kukodi vijana wanne wa mtaa wamfunge kamba usiku, wamtupe kwenye gari hadi kwa nyumba fulani inayojiita rehabu, hiyo siyo sheria. Huko ni kumteka mwanao, hata ukipewa risiti.

Mama mmoja aliniambia wodini, "Sista, wewe hujalala na pochi chini ya mto." Kweli, sijalala hivyo. Simlaumu mtu aliyefika hapo.

Sasa hapa nisikilizeni, maana ndipo tunapozika watoto. Mtu akikaa wiki kadhaa bila heroini, mwili unapoteza ule uzoefu. Anatoka na hasira, hakuna alichokubali, anarudi maskani na kutumia kipimo chake cha zamani. Kilichokuwa kinamtuliza sasa kinamkata pumzi. Tulipokea mmoja, siku ya tatu tangu atoke, midomo imeshabadilika rangi. Mamake alikuwa anasema tu, "Lakini alishapona." Hatukuweza kumrudisha.

Ndiyo maana mimi nasukuma sana methadoni. Ilianza Mathari 2014, kisha ikaja huku Pwani. Anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia, anaweza hata kutafuta kibarua. Najua wengine mnasema ni kubadilisha dawa kwa dawa. Sawa, lakini huyu yuko hai na anakula nyumbani.

Kuna wakati usiombe ruhusa yake: hapumui vizuri, haamki, ameshika kisu, au ameanguka degedege. Mlete. Na mlevi wa kila siku msimfungie chumbani eti aache (nimeliona hili sana). Siku ya pili au ya tatu anaweza kupata degedege, akaanza kuona watu wasiokuwepo, na hiyo inaua.

Kabla hujasaini popote, uliza: daktari yuko hapa au anapita tu? Naweza kumwona mwanangu wiki ya kwanza? Akitoka anafuatiliwa na nani? Wakikwambia usimwone miezi mitatu, rudi naye nyumbani.

Wale mlioniuliza kuhusu dada mjamzito anayetumia unga, hiyo ni sehemu ya 5. Kwa leo, asiache ghafla peke yake. Aje kliniki hata kesho asubuhi.