Prosesa Mbili na Joto Lisilo Sawa

Wenzangu wengi wameniuliza kwa nini kompyuta kubwa ya shule ilifungwa majuma matatu muhula huu. Nitaeleza, maana nilikuwamo pamoja na Mwalimu wetu tangu mwanzo hata mwisho.

Kompyuta hiyo tuliipata ikiwa imekwisha tumika. Ubao mama wake una prosesa mbili, yaani bongo mbili zinazogawana kazi, na humo ndimo ilimohifadhiwa mitihani ya miaka iliyopita ambayo Kidato cha Nne hujifunzia. Kila mchana ilizimika yenyewe, kwa kuwa prosesa ikikaribia digrii 100 hujizima ili isiungue. Fundi mmoja akaja, akaitazama, akasema ya pili imeharibika, tununue ubao mama mwingine pamoja na prosesa zake. Fedha hizo hatuna.

Mwalimu hakukubali upesi. Asubuhi alizipa prosesa zote mbili kazi iliyo sawa, kwani yenye kazi nyingi lazima ipate joto zaidi, kisha akatuambia tuandike digrii. Ya kwanza 62, ya pili 91! Tukafuta vumbi kwa brashi laini, na vumbi la Kibiti mnalijua wenyewe. Ya pili ikashuka hadi 86 tu. Basi Mwalimu akazibadilisha mahali. Alipangusa pesti kuukuu ya kupitishia joto, iliyokauka kama tope la mto wakati wa kiangazi, akapaka mpya. Kama joto lingeifuata prosesa ile ile, fundi amesema kweli. Halikuifuata. Lilibaki pale pale, nafasi ya pili, juu ya prosesa iliyokuwa nzima jana yake. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya pili tukabadilisha vipoza joto, yaani yale mabamba yenye feni yanayofungwa juu ya prosesa. Sasa joto likahama! Mwalimu akakigeuza kipoza joto kile: skrubu nne, springi tatu. Pembe moja haikukandamizwa, bamba likakaa upande kama sufuria ambayo figa lake moja limezama mchangani. Springi ya nne tuliitoa katika kompyuta mbovu iliyokuwa stoo.

Sasa ya kwanza ni 62 na ya pili 68. Wapo wanaoulizia digrii sita hizo. Upepo wa feni huingia kwa mbele, ukapita kwanza juu ya prosesa ya kwanza, ndipo ukaifikia ya pili ukiwa umekwisha pata moto. Ndugu zetu wa delta wakaushao samaki kwa moshi hawahitaji kuelezwa: aliye upande wa demani hula moshi wake na wa mwenzake aliye joshini. Hizo tumeziacha.

Kidato cha Nne wameirudia tangu Jumatatu. Haijazimika, hata saa nane mchana, jua likichoma bati.