POPO WA JUBA, KILA MMOJA NA MALISHO YAKE

Jua likitua nyuma ya Jebel Kujur, kilima cha mawe kilicho magharibi ya Juba, mapaa ya mabati huanza kutoa wapangaji wake. Popo wadogo wenye mkia uliochomoza kama wa panya hupenya kati ya bati na ukuta, hujiangusha kidogo hadi washike upepo, kisha hupaa juu ya miembe na kuelekea mto Nile. Mchana kutwa wamestahimili humo darini joto lipitalo nyuzi 40, joto ambalo askari alalaye chini ya bati analijua vema.

Popo hao wana mabawa marefu na membamba, mfano wa mbayuwayu. Mabawa ya namna hiyo ni ya mwendo wa kasi mahali peupe. Baina ya matawi hayana nafasi ya kugeuka. Kwa hiyo chakula chao ni wadudu warukao juu ya miti na juu ya maji: nondo, mbawakawa, kunguni wa mimea, na kumbikumbi mvua inyeshapo. Wako akina mama wanaowavumilia kwa kutumaini kwamba watamaliza mbu wa chumbani. Watangoja sana. Mbu wa chumbani hutafuta damu karibu na kitanda, na popo wa kasi hapiti hapo. Chandarua kisitupwe.

Katika vichaka na migunga ya savana mambo ni mengine. Yuko popo mwenye masikio makubwa na mfereji usoni, ambaye mabawa yake mapana humwezesha kwenda polepole kati ya majani. Huyu husikiliza mchakacho wa panzi au nyenje, humnyakua juu ya jani au ardhini, na kumpeleka mahali pake pa kulia. Ukikuta asubuhi barazani miguu ya panzi na mabawa ya nondo chini ya boriti ile ile kila siku, huenda yeye ndiye mgeni wako. Yuko pia popo wa mabawa ya rangi ya chungwa, aning'iniaye mgungani akigeuza kichwa huku na huku, akamrukia mdudu apitaye na kurudi tawini. Mgunga ukichanua, maua huita wadudu, naye hula pasipo kwenda mbali.

Tangu mkataba wa amani wa mwaka 2005, na zaidi baada ya uhuru wa mwaka 2011, Juba imepanuka sana, na miti ya pembezoni imekatwa kwa ajili ya mkaa. Kila paa jipya la bati ni nyumba ya popo wa kasi. Kila mgunga uangukao ni malisho yaliyoondolewa kwa wenzake. Wala popo wa juu hawezi kushuka kichakani akala panzi kwa niaba yao.

Hata hivyo, popo wa paa anayo kazi yake. Huko Eswatini, ilipokuwa ikiitwa Swaziland, watafiti waliwafungia popo wa jamii hiyo vyombo vidogo vya redio, wakaona wanapendelea kuwinda juu ya mashamba ya miwa. Kinyesi chao nacho kilikutwa na dalili za nondo waharibuo mazao.

Familia isiyotaka kukaa nao isiwashe moto darini. Matundu yazibwe usiku, popo wakiisha kutoka, wala si katika majira ambayo vitoto visivyoweza kuruka vimo ndani. Kinyesi kilowanishwe kabla ya kufagiliwa, na mfagiaji ajifunge kitambaa puani. Watoto waonywe wasimshike popo aliyeanguka, kwa maana aweza kuwa na virusi vya hatari. Na aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.